Krapf Aliacha Chuo

Kama ulisoma shule ya msingi hapa Kenya, Krapf unamjua. Ni yule wa mtihani. Rebmann, Kilimanjaro, 1848. Krapf, Mlima Kenya, 1849. Ukiwachanganya hao wawili, alama imeenda. Ukiuliza mwalimu mbona tunasema Krapf ndiye aliuona kwanza, na Wakamba walikuwa wakiuona kila asubuhi mawingu yakitoka, unaambiwa ukae chini.

Nilikaa chini. Sikumfikiria tena huyo mtu mpaka usiku mmoja, saa nane, chumba cha kupanga Kisauni, nikiandikia insha mwanafunzi wa Marekani ambaye sitawahi kumjua jina. Hiyo ndiyo kazi inanilipia nyumba. Kuna vijana wengi hapa mjini wanaifanya, wengi wetu tukiwa hatuna hata digrii zetu wenyewe, na wote tunajua si kazi ya kumwambia mzee wa kanisa. Oda ilitaka kurasa nane kuhusu wamisionari Afrika Mashariki, ifike kabla kuche. Nikafungua kitabu cha safari cha Krapf mwenyewe, kile kilichochapishwa London 1860, nikitafuta mambo ya mlima. Nikakwama mwanzoni kabisa, pale anaposimulia maisha yake kabla ya Afrika. Insha ikachelewa. Nikakatwa pesa.

Kilichonikwamisha ni hiki: Krapf aliacha. Aliingia chuo cha wamisionari, akakaa miaka miwili, akaona hapana, akatoka. Baadaye akawa kasisi wa kijijini, na huko pia akatoka. Hayo yote kabla hajafika miaka 27. Kwenye kitabu cha shule hayakuwepo. Huko anaanza maisha akiwa tayari ana ndevu na darubini.

Alizaliwa Januari 1810, Derendingen, kijiji karibu na mji wa Tübingen, kwenye ufalme wa Württemberg, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye uwezo kiasi. Akiwa na miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo halikuwa lake, akalala kitandani karibu nusu mwaka. Huko kitandani akasoma Biblia, akaanza kuwaza mambo ya umilele, vile mtoto mgonjwa huwaza. Alipopona akawa anawasimulia wavunaji hadithi za Agano la Kale huko shambani, nao wakamwambia baba yake: huyu atakuwa mchungaji.

Hapo nilisimama kusoma nikaenda kunywa maji. Kwa sababu nami niliambiwa.

Nilikuwa na miaka tisa, nikasoma Zaburi kanisani bila kukosea, na kutoka siku hiyo mamangu akaanza kuniita Pasta. Ulianza kama mzaha. Nilipomaliza kidato cha nne na alama nzuri, haukuwa mzaha tena. Kanisa lilifanya harambee ya karo. Wamama waliouza viazi karai waliweka mia mbili, mia tatu. Nikapigishwa magoti mbele, nikawekewa mikono, ikaombwa nirudi kuwahudumia. Sijui kama umewahi kuwekewa mikono na watu ambao unajua kabisa jioni hiyo watakula nini. Mikono ile ni mizito.

Tumrudie Krapf. Alipelekwa shule ya Kilatini Tübingen, akienda na kurudi kwa miguu, akikariri Kilatini njiani. Baba yake alimnunulia atlasi, na kijana akashangaa vile upande wa mashariki wa Afrika ulikuwa karibu mtupu. Mwenye duka la vitabu akamwazima kitabu cha James Bruce kuhusu Uhabeshi, na fisi wa mle ndani wakamkaa akilini. Wakati mmoja alitaka awe nahodha wa meli. Halafu siku moja mkuu wa shule akawasomea makala kuhusu wamisionari, na kijana akajiuliza: mbona nisiwe mimi? Swali la pili likaja nyuma yake haraka: nitawapelekeaje wengine Kristo ambaye mimi mwenyewe sijampokea?

Mimi naona maisha yake yote ya ujana yako kwenye hayo maswali mawili, moja likimsukuma na la pili likimvuta shati.

1827 alijiunga na chuo cha Misheni ya Basel, Uswisi. Chuo hiki kilikuwa kinawaandaa vijana, wengi wao watoto wa wakulima na mafundi, wapelekwe ng'ambo. Waingereza wa CMS walikuwa na pesa na meli lakini vijana wao wa kujitolea walikuwa haba, kwa hivyo walichukua watu kutoka Basel. Ndiyo maana Mwingereza wetu wa kwanza wa misheni pale Mombasa ni Mjerumani wa Kilutheri.

Ndani ya Basel Krapf akaanza kusoma waandishi ambao pengine hangepaswa kuwasoma akiwa na miaka 18. Mmoja ni Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz aliyekufa 1624, mtu wa maono. Mwingine ni Madame Guyon, Mfaransa aliyefungwa gerezani Bastille kwa mafundisho yake ya sala. Ukifupisha sana, Guyon anasema nafsi inyamaze, iache hata kutaka, mpaka Mungu atende ndani yake. Sasa mpe mafundisho hayo kijana anayejiuliza kila usiku kama amestahili. Kama inafaa kunyamaza, naenda kupiga kelele wapi? Kama hata kutaka ni dhambi, huku kutaka kwangu kwenda Afrika ni wito ama ni kiburi na fisi wa Bruce?

1829 akatoka Basel.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu watu wakisikia shaka wanadhani mtu ameacha kuamini kuna Mungu. Krapf hakufika huko. Shaka yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Kwamba Mungu yuko, sawa, lakini je, ameniita mimi, ama nimejiita? Na hii shaka, kusema ukweli, ni ngumu kuliko ile nyingine. Yule asiyeamini anaweza kwenda zake akalala. Huyu mwingine anaamka Jumapili, anavaa, anaenda, na watu wanamwambia amen.

Mimi niliongoza maombi kwenye umoja wa Wakristo chuoni miaka miwili. Nilikuwa mzuri. Najua vile sauti hushuka, halafu hupanda, vile unamwachia mpiga kinanda nafasi aingie. Jumapili moja nikiwa katikati ya mahubiri, watu wamesimama, dada mmoja mbele analia, nikagundua nawaza kama nimebakisha sukari chumbani. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na hasira na mtu. Hakukuwa na kitu. Nikamaliza mahubiri vizuri tu, na wakanipongeza. Mwaka uliofuata nikaacha kanisa, halafu chuo. Nyumbani nikasema ni karo. Karo ilikuwa imechelewa kweli, lakini haikuwa hiyo.

Krapf alikuwa na bahati, au baba mwenye uwezo, chagua wewe. Alienda akasoma theolojia Chuo Kikuu cha Tübingen mpaka 1834, kwa hivyo ukitaka kunisuta kwamba yeye si mwacha-chuo kama mimi, una haki yako. Akawekwa wakfu, akatumwa awe kasisi msaidizi kwenye vijiji vya Altburg na Wolfenhausen. Ingeweza kuishia hapo: mke, bustani ya kabichi, ubatizo na mazishi, pensheni.

Lakini Württemberg ya miaka ile haikuwa mahali pa kutulia. Wakristo wengi wa huko walikuwa wa uamsho ulioitwa upietisti, watu wa kukutana nyumbani kusoma Biblia, na walikuwa na tarehe. Msomi wao mkubwa, Johann Albrecht Bengel, aliyekufa 1752, alikuwa amepiga hesabu ya kitabu cha Ufunuo mpaka ikamletea mwaka: 1836. Babu zao walifundishwa hesabu hiyo, wakaifundisha wana. Wengine walikuwa wameshahama kwenda Urusi kungojea. Sasa ni miaka ya 1834, 1835, na kijana asiye na uhakika na wito wake amesimama mimbarini mbele ya watu wanaohesabu miezi. Akahubiri kwamba dunia imefika saa zake za mwisho. Wakuu wake wa kanisa hawakufurahi, na kasisi msaidizi akaishia nje ya kazi, akifundisha watoto wa watu nyumbani kwao.

Huwa najiuliza kama kuna sehemu yake iliyopumua. Kama dunia inaisha, basi swali la nitafanya nini na maisha yangu halina haja ya jibu. Mimi nakumbuka wiki za kwanza za korona tukifungiwa. Watu waliogopa, nami niliogopa, lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikumwambia mtu: hakuna anayeniuliza nitamaliza lini.

1836 ikafika na dunia ikaendelea.

Kilichomrudisha Krapf hakikuwa sauti wala ndoto. Nilisoma kurasa zile nikitafuta mahali ambapo mbingu zinafunguka, na hakuna. Kuna Msweidi anaitwa Peter Fjellstedt, mmisionari wa CMS aliyekuwa na kazi Smyrna, akipita Württemberg. Wakaongea. Fjellstedt akamtia moyo arudi. Krapf akarudi Basel akakubali kwenda Smyrna. Halafu mmisionari mwingine, Knoth, aliyekuwa safarini kwenda Uhabeshi, akafariki Cairo. Pengo likatokea, na Krapf akaulizwa kama anaweza kulijaza. Mwaka 1837 akaondoka.

Hivyo tu. Mazungumzo na mgeni, na kifo cha mtu ambaye hakumjua. Baadaye alipokuwa mzee na jina lake limejulikana, alisimulia yote kama mkono wa Mungu, na atlasi ikawa ishara, na fisi wakawa ishara. Simlaumu. Lakini ukisoma polepole unaona kwamba wakati inatokea hakuna aliyekuwa na ramani.

Uhabeshi nitaipita haraka. Walifukuzwa Adwa 1838 baada ya miezi michache. Akaenda Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu miaka mitatu, akashika wazo kwamba Waoromo ndio ufunguo wa Afrika nzima. 1842 akashuka pwani, akamwoa Rosina Dietrich kule Misri. Wakajaribu kurudi Shoa, njia zikafungwa. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa nyikani 1843 kabla ya wakati wake na hakuishi. Wakampa jina Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi.

Mombasa, basi, haikuwa mwito wake. Ilikuwa njia ya nyuma. Alikuja huku akidhani atapanda kaskazini awafikie Waoromo kutokea pwani. Unajua vile mtu anapanda matatu isiyofika kwake kwa sababu yake imejaa, akisema nitashukia mbele nitajua? Ndivyo mtu aliyeandika kamusi ya lugha yetu alivyoingia mji huu, Mei 1844, na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar mfukoni.

Mwezi Juni alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Napenda sana kuwawazia hao wawili wamekaa barazani, mmoja hana lugha, mwingine hana haja ya dini ya mwenzake, wakibishana neno. Na tusidanganyane kwamba mgeni alikuta kimya hapa. Muyaka bin Haji alikuwa amefariki miaka minne hivi kabla, na mashairi yake yalikuwa bado mdomoni mwa watu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani kabla babu yake Krapf hajazaliwa. Krapf alishikilia herufi za Kirumi, na moja ya sababu zake ilikuwa kuuweka Uislamu mbali. Hizi unazosoma sasa ni matokeo yake pia. Sijui nishukuru ama ninune. Vitabu vyake vina maneno kuhusu watu wa hapa ambayo ukimsomea bibi yako atakuuliza huyo mtu alilelewa wapi.

Julai ikaja. Rosina alijifungua msichana wa pili, na homa ikawashika wote wawili, mume na mke, kwenye nyumba moja. Wiki moja baada ya kujifungua Rosina akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kiasi kwamba aliinuka kwa shida kuhakikisha kama kweli amekufa. Siku moja mbili baadaye mtoto akamfuata. Rosina alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali wapita njia wataliona kaburi. Wakazikwa upande wa Nyali.

Krapf akaandikia CMS barua iliyokuja kuwa maarufu, akisema kaburi hilo la upweke ni ishara kwamba vita vimeanza upande huu wa dunia na waje. Makanisani inasomwa kama barua ya shujaa. Mimi nikiisoma namwona mtu wa miaka 34, ana malaria, amezika watoto wawili na mke mmoja kwa mwaka na kidogo, na yuko mji ambao hakuukusudia. Barua imeandikwa kwa London. Nashuku msomaji wake wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Akiacha safari hii, hao watatu wamekufa kwa ajili ya nini? Zamani kuacha kulimgharimu yeye peke yake.

Hapo ndipo ile mikono iliponirudia, na yale mia mbili, mia tatu ya viazi karai.

Rebmann alifika 1846, na Agosti mwaka huo wakahamia Rabai, mlimani, kwa Warabai waliokuwa wamekubali kuwapokea. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja wa kupokezana, na mwisho Krapf hakuweza kutembea kabisa. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba sidhani kuna misheni iliyowahi kuanzwa na watu wadhaifu vile. Walijenga, walifundisha, walizunguka. Na matunda? Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa 1851 akiwa kitandani mwa mauti. Miaka saba tangu afike Mombasa, na muumini wa kwanza ni mtu anayekufa.

Mwaka huohuo alienda Ukambani mara ya pili, msafara ukavamiwa karibu na mto Tana, Kivoi aliyekuwa mwenyeji wake akauawa, na Krapf akapotea porini peke yake akibeba maji kwenye mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini. Alirudi hai. 1853 afya yake ikamwondoa pwani. Rebmann alibaki mpaka 1875, akaondoka kipofu. Krapf alipita tena huku 1862 kuwasindikiza Wamethodisti walioanza Ribe, halafu akarudi kwao Kornthal, kijiji cha wapietisti walewale waliokuwa wakingoja 1836, akaendelea na Kiswahili. Alifariki Novemba 1881. Kamusi ikatoka mwaka uliofuata.

Mwezi uliopita nilienda Rabai. Matatu hadi Mazeras, halafu boda. Nyumba zao bado zipo, na kanisa la zamani ni makumbusho. Wanafunzi wa shule fulani walikuwepo na madaftari, wakiandika 1848, 1849. Nilitaka kuwaambia kitu, nikaona nitawapotezea alama.

Nilikuwa nimeketi chini ya mwembe simu ikalia.

"Pasta, uko wapi?"

"Rabai, mama."

"Rabai kuna nini?"

"Nimekuja kuangalia mambo ya mtu fulani. Krapf. Yule wa mlima."

"Huyo namjua."

"Aliacha chuo, mama. Chuo cha wachungaji. Ulikuwa unajua?"

Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma, ile stesheni ya nyimbo za injili haizimwi.

"Karo?" akauliza.

Wale watoto walikuwa wanapangwa mistari waingie basi. Mwalimu anawahesabu kwa kuwagusa vichwani.

"La, mama. Hakuwa na uhakika."

"Na wewe?"

"Mimi pia haikuwa karo."

Redio ikapunguzwa sauti. Nilingoja nikiwa nimejikaza, vile unangoja sindano.

"Nilijua," akasema. "Karo ningeitafuta. Wewe hukuniomba hata mara moja." Halafu, baada ya kitambo: "Sasa huko Rabai umekula?"